Baba kakata tamaa, mama hajakata: fedha zangu za upatu nimpe nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, upande wa mashariki, kwa watu wa bahari. Sasa naishi Unguja, nashona sare za skuli na mabuibui. Wazazi wangu wako hai, nina mdogo wangu wa kiume, na nina kaka. Hilo la kaka ndilo lililonifanya nikuandikie, maana hata hapa kalamu imesita: niseme ninaye, au nilikuwa naye?

Kaka aliondoka na wenzake wawili kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, kaskazi ikiwa inamalizika. Chombo chao kilionekana kimepinduka, hakina mtu. Siku chache baadaye maiti ya mmoja wao iliokotwa pwani, ikazikwa. Wa pili na kaka yangu hawajaonekana mpaka leo, na sasa tunaingia mwaka wa tatu.

Baba alimtafuta kwa kila alichokuwa nacho. Alizunguka visiwa vidogo, akavuka Tanga, akafika hadi Vanga upande wa Kenya, akiuliza diko kwa diko, kila wanaposhukia wavuvi. Aliporudi alikaa muda mrefu hasemi kitu. Kisha usiku mmoja, watu wako barazani baada ya Isha, akasema: "Mie nshakata tamaa. Tumsomeeni mtoto hitima, tumuombee." Mama alikuwa ndani, anasikia. Tangu hapo maneno yake na baba ni ya kuulizana chumvi na maji tu. Amehamia chumba cha kaka. Anayemzungumzisha humjibu, "Mzazi hamkatii tamaa mwanawe." Na kwa baba aliongeza la kumchoma zaidi, kwamba anayekata tamaa na rehema ya Mungu ni kafiri. Baba ni mtu wa msikiti. Hakumjibu.

Mambo yangebaki hivyo, lakini Ramadhani iliyopita alifika kijijini baharia mmoja kutoka Msumbiji. Alisema kule Mocímboa da Praia alisikia habari za mvuvi wa Pemba aliyeokotwa baharini, akafanya makazi kulekule. Hakumwona kwa macho yake, alisikia. Mama aliinuka kama mtu aliyepona homa. Alikwenda kwa mpiga ramli, akalipa, akaambiwa mwanawe yu hai na yuko kusini. Sasa anataka mdogo wangu, ambaye ana miaka 21, aende akamtafute. Nauli nitoe mimi.

Baba naye ameniita pembeni. Anataka hitima, na zaidi anamfikiria wifi yangu, mke wa kaka. Ni kijana, ana mtoto wa kike anayesoma skuli ya maandalizi. Hajui kama ni mke au mjane. Hakukaa eda, wala hana mume wa kumlisha. Kwao wameshaanza kunong'ona. Baba anasema mama akikubali hitima, wifi atapata njia yake.

Zamu yangu ya upatu imefika. Fedha ni zilezile: zinatosha hitima, au zinatosha safari. Wote wawili wanajua kuwa ninazo.

Tena kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Ndani ya moyo wangu naamini kaka amefariki. Nikishona peke yangu usiku, simngojei tena. Nikimpigia mama simu nasema, "Inshallah atarudi," na sauti yangu naisikia si yangu. Je, nami nimekata tamaa? Nimekuwa kama baba bila kuwa na ujasiri wa kusema?

Na watu nao kila mmoja ana neno lake. Rafiki yangu mwuguzi anasema mama ana sonona, apelekwe hospitali. Imamu wetu anasema baba amevunjika moyo tu, atiwe nguvu. Jirani anasema hapana, baba amekubali kadari na hiyo ndiyo imani. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, lakini naona kama tungejua neno lipi ni la nani, tungejua la kufanya. Kukata tamaa hasa ni nini, Shangazi? Na fedha nimpe nani?

Dada wa aliyepotea, Unguja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikupe pole. Pole yangu haisemi kaka yako yu hai wala amefariki. Ni pole ya kungoja, na kungoja kwa namna hii nako ni msiba, ila ni msiba usio na siku ya kuanua tanga.

Kama nimekuelewa, nyumba yenu imegawanyika juu ya neno moja. Baba kalisema, mama kalikataa, na kila mmoja amekuletea wewe gharama ya msimamo wake. Unaogopa kwamba ukilipia hitima umemzika kaka yako, na ukilipia safari umemdanganya mama na kumtia mdogo wako hatarini. Juu ya hayo umebeba siri yako mwenyewe. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, na nashangaa umeweza kuueleza kwa utulivu namna hii.

Nitaanza na neno, kwa kuwa umeliuliza, na kwa kuwa nadhani wazazi wako wanagombana juu ya mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja.

Sikiliza lugha yetu inavyosema. Moyo huvunjika, tamaa hukatwa. Mtu akivunjika moyo, hatumtafuti mvunjaji, jambo limemfika. Kafeli mtihani, kanyimwa kazi, moyo umevunjika, na ukimtia moyo kesho huenda akainuka, kwa sababu kile alichokitaka bado anakitaka. Anayesema "nimekata tamaa" amejitaja mwenyewe kuwa ndiye mkataji. Kisu kiko mkononi mwake. Sidhani kama mzee wako alikusudia hivyo. Nadhani alikuwa anaeleza yaliyomfika katika diko moja baada ya jingine, watu wakimtikisia kichwa. Lakini mama, aliyekuwa ndani, alisikia mtu anakata kitu ambacho bado kina damu. Laiti angesema "tamaa imenikatikia," huenda mama angetoka akalia naye. Simlaumu mzee. Nani huchagua vitenzi usiku kama ule?

Kwa hiyo imamu wenu, kwa heshima zote, naona amempa baba neno dogo kuliko jambo lenyewe. Aliyevunjika moyo hutiwa nguvu arudi kazini. Baba atiwe nguvu arudi wapi? Ameshakwenda. Na jirani amempa neno ambalo bado halijafika wakati wake. Kukubali huhitaji kujua unakubali nini. Baba hakuletewa maiti akaiosha, hakuteremsha mtu kaburini. Inawezekana ndiyo sababu anaitaka hitima: hajakubali, anatafuta mahali pa kukubalia. Muulize, usinisadiki mimi.

Sasa hilo la ukafiri, ambalo nadhani ndilo linalomuuma baba kuliko yote. Mama ana aya mkononi, na ni aya ya kweli. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaakub anawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, kwani hawakati tamaa na rehema yake ila makafiri. Hiyo ni aya ya 87. Lakini rudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo, aya ya 80. Wale ndugu wa Yusuf wakiwa Misri, wamembembeleza mkuu wa nchi awaachie ndugu yao mdogo, amekataa. Qur'ani inasema walipomkatia tamaa, wakajitenga kushauriana. Neno la Kiarabu pale linatoka katika shina lilelile la aya ya 87. Na katika kukata tamaa kule hakuna aliyeitwa kafiri. Walitambua tu kwamba mlango ule haufunguki, wakakaa kitako wafikiri la kufanya.

Kwa hiyo kila ukisikia "nimekata tamaa", swali la kwanza ni: tamaa ya nini? Tamaa ya kumwona mtu akirudi kwa miguu yake ni jambo moja. Rehema ya Mungu ni jambo jingine, kwa maana rehema inaweza kumfuata mtu hata chini ya bahari. Baba aliyesema "tumuombee" hajaikata hiyo. Asiyetaraji rehema hamwombei mtu. Lipo pia neno kutamauka, ambalo barazani halisikiki sana, nalo naliona linamfaa yule ambaye tamaa yake haina tena cha kuulizia "ya nini", kwa kuwa yote imekwisha: hataraji kitu popote, kwa yeyote. Hilo silioni katika maneno ya baba yako uliyonipelekea. Anamfikiria mkwewe, anamfikiria mjukuu wake. Mtu aliyetamauka hapangi mambo ya mjukuu.

Huzuni nayo usiichanganye na hayo. Yaakub huyohuyo, katika aya ya 84, macho yake yaliingia weupe kwa huzuni. Alilia mpaka wanawe wakamwambia atajiua. Basi mtu mwenye majonzi kuliko wote katika kisa kile ndiye ambaye hakukata tamaa. Na kinyume chake kipo. Wapo waliotamauka ambao hawalii hata kidogo. Wanacheka barazani na watu na kesho yao haina kitu. Ukimpima mtu kwa machozi utakosea pande zote mbili.

Hata shaka si kukata tamaa. Wakristo wana sentensi nzuri ya Paulo katika waraka wa pili kwa Wakorintho: "twaona shaka, bali hatukati tamaa." Nimeitaja kwa sababu yako wewe, na nitarudi kwako baadaye.

Nije kwa mama, na hapa naomba unisikilize polepole, maana nitagusa jambo ambalo barua yako imelichukulia kuwa limekwisha julikana. Umeandika kana kwamba baba ndiye aliyekata tamaa na mama ndiye mwenye matumaini. Nami nauliza tu: una hakika? Mama amehamia chumba kimoja. Haongei na mumewe. Uhai wake uliamshwa na habari ya kusikia, ukalipiwa kwa mpiga ramli ili usilale tena. Tamaa anayo, tena kali. Lakini tumaini je? Tumaini limetoka katika Kiarabu, kwenye neno la kutulia. Waliosoma fiqhi wanaijua tumaanina, ule utulivu wa viungo katika rukuu na sijda. Mwenye tumaini anaweza kuketi. Mama anaweza kuketi? Inawezekana anashikilia kurudi kwa kaka yako kwa sababu nyuma ya hapo haoni kitu kingine chochote, na siku habari ya Msumbiji itakapovunjika ndipo tutakapoiona hali yake halisi. Au pengine nimekosea, na yeye ni mwanamke mwenye subira ya chuma. Wewe unamjua, mimi namsoma kwa mistari yako michache.

Hapo ndipo rafiki yako mwuguzi anapostahili kusikilizwa, ijapokuwa neno lake nalo lina mipaka. Sonona ni maradhi: usingizi hupotea au huzidi, chakula hakipiti, nguvu hazipo, mtu hujiona hafai, na hali hiyo hukaa majuma kwa majuma. Kwetu watu wengi huiita "mawazo" tu. Inaweza kwenda pamoja na kukata tamaa, lakini si kitu kimoja, na waliopima wameona tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 1974 daktari wa akili Aaron Beck na wenzake kule Philadelphia, Marekani, walitunga dodoso la sentensi 20 zinazomuuliza mtu anavyoiona kesho yake. Mwaka 1985 wakatoa taarifa ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa kwa fikra za kujiua na kufuatiliwa kwa miaka. Kilichoashiria zaidi nani atakuja kujitoa uhai hakikuwa ukali wa sonona yenyewe. Kilikuwa ni kutoiona kesho.

Sikutishi. Nakupa la kusikiliza. Usimuulize mama kama ana sonona. Atakujibu kuwa si mgonjwa, ni mzazi. Mzungumzishe habari za kesho zisizo na kaka ndani yake: Idi ijayo, mjukuu kuanza darasa la kwanza, karafuu za msimu ujao. Akiingia katika mazungumzo hayo hata kwa kunung'unika, nitapumua. Akisema hayamhusu, au hatakuwepo, au anatamani bahari imchukue naye, basi hilo halingoji kikao cha ukoo. Mpelekeni hospitali ya wilaya mkaulize huduma ya afya ya akili. Unguja ipo Kidongo Chekundu, na kwenda pale si aibu ya mtu. Na hayo yaangalie hata kwa baba, kwa sababu ukimya wake wa muda mrefu umenigusa.

Ulichonifichulia kuhusu moyo wako hakinitishi. Unaamini kaka yako amefariki, na bado ukisikia hodi usiku nadhani moyo hushtuka. Hiyo ni shaka, ni huzuni, ni akili inayohesabu: chombo kilipinduka, mwenzake alizikwa. Kuamini kwamba mtu amekufa ni rai juu ya jambo lililotokea. Si usaliti, wala hakuhitaji ujasiri wa kutangaza. Yupo mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, ambaye tangu miaka ya 1970 amefanya kazi na familia za watu waliopotea, akianza na za wanajeshi wasiojulikana walipo katika vita vya Vietnam. Anasema msiba usio na maiti haufungwi kama misiba mingine, na kuwalazimisha watu waufunge huwaumiza. Walioweza kuishi nao wengi wao walijifunza kushika kauli mbili pamoja: huenda hayupo, huenda yupo. Nyumbani kwenu kauli hizo mbili zimegawiwa watu wawili, kila mmoja na yake. Wewe unazo zote mbili, ndiyo maana unaona sauti yako si yako. Kwa mama si lazima useme "atarudi." "Nami namkumbuka kila siku" ni kweli, na haikuvunji.

Wala hamko peke yenu katika visiwa hivyo. Meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, watu wengi hawakuonekana tena. Bila shaka mnazo nyumba jirani ambazo zimelijua hili. Huenda mama angemsikiliza mwanamke mmoja wa nyumba hizo kuliko sisi sote.

Sasa fedha. Naona mmefunga mambo matatu katika furushi moja, yaani hitima, wifi na safari, mkalibandika jina "amekufa au hajafa." Jaribu kulifungua.

Wifi kwanza, maana yeye ndiye anayeumia bila kusemewa. Baba anadhani njia yake inapita kwenye hitima. Sivyo. Hitima haimfanyi mtu mjane. Jambo la mke wa aliyepotea ni la kadhi, na Zanzibar mahakama ya kadhi ipo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muda wa kungoja, na wapo wanaoutaja wa miaka minne kisha eda. Upo pia mlango wa faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, kwa mke aliyebaki bila matumizi, ambao hauhitaji mtu yeyote kutamka kwamba mumewe amekufa. Kadhi ndiye atakayepima. Lakini unaona jinsi jambo hili linavyoweza kwenda bila mama kukubali chochote? Hatari yake ni kwamba mama anaweza kuona mkwewe naye amemkimbia mwanawe, kwa hiyo wifi asiende kimyakimya. Na wifi mwenyewe aulizwe anataka nini. Katika barua yako kila mtu amemsemea, yeye hajasema hata neno.

Hitima ina uzuri wake: watu watakuja, watasoma, baba atapata pa kuweka huzuni yake mbele ya wenzake. Hatari ni kuisoma mama akiwa chumba cha pili, akiihesabu kuwa maziko ya mtu aliye hai. Kati ya hitima na kutofanya kitu pana nafasi. Dua ya kumuombea aliyepotea, kwamba kama yu hai Mungu amrejeshe na kama amefariki Mungu amrehemu, haimlazimishi mtu kuchagua. Mama anaweza kuitikia amina ya nusu ya kwanza na baba ya nusu ya pili. Ila msimfanyie ujanja kwa kuita dua kisha ikawa hitima mlangoni. Atajua, na hatawaamini tena.

Safari ndiyo inayonikosesha raha. Sitasema habari ile ni uongo. Mvuvi kuokotwa mbali si ajabu, na Yaakub naye alituma wanawe wakatafute. Lakini huyohuyo Yaakub, kabla yake, alikuwa amewaonya wasiingie Misri kwa mlango mmoja. Hakutaka kupoteza wengine. Tena alisema anajua kwa Mwenyezi Mungu wasiyoyajua wao, na sisi hatukuteremshiwa wahyi. Mocímboa da Praia ilivamiwa na watu wenye silaha Oktoba 2017, na huo ukawa mwanzo wa vita vya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Agosti 2020 mji ukatekwa, ukakaa mikononi mwa wapiganaji mwaka mzima hadi Agosti 2021. Kijana mgeni wa miaka 21 anayezunguka huko akiuliza habari za mtu anaweza kushukiwa na kila upande.

Na kuna jambo jingine, dogo, ambalo sijui kama mmelifikiria. Makao makuu ya mkoa huohuo wa Cabo Delgado ni mji unaoitwa Pemba. Baharia alisema alisikia habari za "mvuvi wa Pemba". Pemba ipi? Kama yuko mahali pa kupatikana, aulizwe. Swali hilo ni la bure, na pengine mama aulize mwenyewe, asiletewe jibu na watu anaohisi wanataka kumshinda.

Kutafuta kupo kwa namna nyingi kuliko kumtuma kijana. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, pamoja na wenzao wa kimataifa, wanayo huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana, hata kuvuka mipaka, na haitozwi fedha. Ubalozi wetu uko Maputo. Kama taarifa ya kupotea haikuandikwa polisi na KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, kwa maandishi, iandikwe. Najua utafutaji wa namna hii huenda taratibu, na mama anaweza kusema ni karatasi tu. Pia unaweza kumrefushia kungoja, hilo silifichi. Lakini ni kutafuta kwa kweli, na hakuli upatu wako kama ramli inavyokula.

Ukifanya hivyo, fedha zako huenda zisihitaji kuchagua mzazi. Nauli ya wifi kwenda kwa kadhi, sadaka ya dua, nauli yako ya boti kwenda Pemba ukae nao siku kadhaa: hesabu mwenyewe kinachobaki. Na ukiamua vingine, nitakuwa bado upande wako, kwa sababu wewe ndiye utakayelala na uamuzi huo, mimi nitakuwa nasoma barua nyingine.

Ukienda, zungumza na baba kwanza, peke yenu, umuulize lile swali: tamaa ya nini? Usimpe jibu. Kisha kwa mama, nenda na karatasi. Msalaba Mwekundu watataka jina kamili la kaka yako, la baba na la mama, umri, picha, alama za mwilini, tarehe aliyoondoka, nguo alizovaa, namba au jina la chombo, na majina ya aliokuwa nao. Muombe mama akutajie, wewe uandike, na baba awe karibu. Habari za chombo yeye ndiye anayezijua.